Misaada inapungua, masikio yanasahaulika: utarajie nini ukienda kupimwa usikivu makazini

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa kupunguziwa. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mwezi Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilisema kwamba wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wametolewa kwenye mgao wa chakula kwa sababu fedha hazipo. Wakati huohuo watu waliendelea kuingia. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na familia kutoka Kivu zikavuka Bunagana na Ishasha kwenda Nyakabande, Nakivale, Kyaka II na kwingineko, katika nchi ambayo tayari ilikuwa inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7.

Katika hali hiyo, anayezungumzia masikio anaonekana kama mtu anayeulizia chumvi wakati sufuria haina hata maji. Chakula kwanza, dawa za malaria kwanza, maji kwanza. Hoja hiyo inaeleweka. Lakini kuna jambo linalosahaulika. Misaada inapotolewa kwa wachache badala ya wote, njia ya kuwachagua hao wachache hupitia masikioni. Jina linaitwa kwa megafoni mara mbili, kisha karatasi inawekwa chini na linaitwa jingine. Tangazo la uhakiki linapita bloku kwa bloku kwa sauti. Afisa anauliza maswali akiwa nyuma ya meza, ndani ya hema lenye watu wengi, huku jenereta likinguruma nje. Asiyesikia vizuri haambiwi kwamba amenyimwa. Anapitwa tu.

Ndiyo maana makala hii inaeleza mambo mawili kwa pamoja: kwa nini kupimwa usikivu kumekuwa jambo la maisha ya kila siku na si la anasa, na utakutana na nini hasa ukienda kupimwa. Habari nyingi tunazopokea kutoka kwa wasomaji zinaonyesha kwamba watu huogopa kipimo chenyewe, wakati kipimo ndicho sehemu rahisi. Ugumu unaanza baada ya majibu.

Swali moja lenye uzito

UNHCR hupendekeza kwamba wakati wa kuandikishwa watu waulizwe maswali mafupi sita kuhusu mwili na akili, yanayojulikana duniani kwa jina la Washington Group. Moja linahusu kusikia: je, una ugumu wa kusikia, hata kama unatumia kifaa cha kusikia? Majibu ni manne: hapana, ndiyo, ugumu kiasi, ndiyo, ugumu mkubwa, siwezi kabisa.

Kwa kawaida anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyejibu kuanzia "ugumu mkubwa". Sasa fikiria mzee anayeheshimika kijijini kwao, mbele ya wajukuu na mkwe wake, akiulizwa swali hilo na kijana mgeni. Atasema "kidogo tu". Mara nyingine hata haulizwi yeye. Mkuu wa familia anajibu kwa niaba ya wote saba, na bibi aliyekaa pembeni anaandikiwa kwamba hana tatizo kwa sababu ametabasamu. Jibu hilo la sekunde tatu hukaa kwenye kompyuta miaka mingi. Tangu 2023 WFP nchini Uganda imekuwa ikigawa familia katika makundi kulingana na udhaifu wao, kwa hiyo kilichoandikwa au kisichoandikwa kuhusu mtu kina uzito kuliko zamani.

Ushauri wangu hapa ni wa moja kwa moja. Jibu swali hilo kwa kufikiria siku yako mbaya, mahali penye kelele, na mtu asiyekutazama usoni. Huko ndiko unakoishi. Ukiulizwa katika chumba kimya na mtu anayepaza sauti kwa heshima, utajiona mzima.

Uziwi una ugumu mwingine: hauonekani. Mtu asiye na mguu anaonekana. Asiyesikia huonekana mwenye kiburi, mzito wa akili, au aliyevurugwa na vita. Baba ambaye haitikii salamu tangu afike kutoka Rutshuru huenda amejifungia kwa huzuni, ndiyo. Huenda pia bomu lilipasua kiwambo cha sikio lake, na hakuna aliyemchungulia. Watoa ushauri nasaha wanaweza kumhudumia miezi mitatu bila yeye kusikia nusu ya wanayosema.

Masikio yanaharibikaje huku kwetu

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti yake ya dunia kuhusu usikivu mwezi Machi 2021. Lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba 430 milioni kati yao wanahitaji huduma. Karibu asilimia 80 ya hao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuhusu watoto, ripoti inasema asilimia 60 hivi ya upotevu wa usikivu ungeweza kuzuiwa.

Asilimia 60 hiyo si fumbo. Ni surua, rubela, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo, magonjwa ambayo chanjo zake zipo. Ni uzazi wenye matatizo na homa ya manjano ya mtoto mchanga isiyotibiwa. Zaidi ya yote katika makazi, ni sikio linalotoa usaha.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu usaha wa sikio umezoeleka mno. Mama anasema, "Huyu masikio yake ndiyo kawaida yake." Mtoto anakaa darasani na pamba iliyojaa harufu, wenzake wanamkimbia, mwalimu anamweka nyuma. Si kawaida. Usaha uliodumu chini ya siku 14 hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Ukipita siku 14, mwongozo wa WHO wa magonjwa ya watoto unataka sikio likaushwe kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa kama utambi, mara kadhaa kwa siku, kisha litiwe matone ya dawa jamii ya siprofloksasini kwa wiki mbili. Hakuna mashine hapo, wala daktari bingwa. Kuna kitambaa, chupa ndogo ya matone na mzazi aliyeonyeshwa namna ya kufanya. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni habari nyingine kabisa: huo ni wa kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo na kupewa rufaa, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umeingia kwenye mfupa.

Na tafadhali, mafuta ya taa, mkojo wa ng'ombe, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyochemshwa: vyote tumesikia vikitajwa, na hakuna kinachofaa kumwagwa kwenye sikio lenye kiwambo kilichotoboka.

Watu wazima wana sababu zao. Umri, bila shaka. Kelele za kazi, hasa kwa waliochimba madini kwa baruti au kufanya kazi kwenye mashine za kusaga. Zipo pia dawa. Gentamisini na streptomisini, dawa za sindano zilizookoa wengi, zinaweza kuharibu sikio la ndani. Waliotibiwa kifua kikuu sugu miaka iliyopita kwa sindano za kanamisini wapo kati yetu, na baadhi yao walitoka wamepona kifua na kupoteza masikio. WHO iliacha kupendekeza kanamisini mwaka 2018, na sasa matibabu yanayopendekezwa kwa wengi ni ya vidonge. Kama uliwahi kutibiwa hivyo zamani, mwambie anayekupima. Atajua atafute nini.

Mlipuko nao una sura zake. Kiwambo kilichopasuka kwa bomu mara nyingi hujifunga chenyewe ndani ya wiki kadhaa au miezi michache, mradi sikio libaki kavu na lisichokonolewe. Mlio unaobaki kichwani, kama nyenje wa usiku, unaweza kudumu zaidi. Si wazimu na si pepo. Lakini usikivu ukipotea ghafla, hasa katika sikio moja, ndani ya siku moja au tatu bila sababu unayoijua, hiyo ni dharura. Dawa zake hufaa zaidi zikianza ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili hivi faida inapungua sana. Watu wengi husubiri "lifunguke lenyewe". Usisubiri.

Siku ya kupimwa

Utaanza kwa maswali. Tatizo lilianza lini, sikio moja au yote mawili, kuna mlio, kuna kizunguzungu, kuna usaha, nani mwingine katika ukoo hasikii. Kwa mtoto wataulizia mimba, kuzaliwa na homa alizougua. Mama ndiye anayejua hayo. Akienda shangazi peke yake, nusu ya majibu itakosekana.

Kisha sikio litachunguliwa kwa kifaa kidogo chenye taa. Hakiumi. Wengi safari yao inaishia hapa kwa furaha, kwa sababu kilichoonekana ni nta iliyojaa, au punje ya maharage, au mdudu aliyekauka. Nta hulainishwa na kutolewa. Kabla mhudumu hajaingiza maji sikioni mwambie kama sikio hilo limewahi kutoa usaha au kupigwa, maana maji hayafai kwenye kiwambo chenye tundu. Na vijiti vya pamba viache kabisa. Vinasukuma nta ndani zaidi.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Utasikia milio, mingine mizito kama ngoma ya mbali, mingine nyembamba kama filimbi, sikio moja baada ya jingine. Kila ukisikia, hata kidogo sana, unanyosha mkono au unabonyeza kitufe. Milio itapungua mpaka usiisikie kabisa, na hapo ndipo watu huanza kutoka jasho wakidhani wanafeli mtihani. Hufeli. Kipimo kinatafuta mpaka wa usikivu wako, kwa hiyo lazima kikufikishe mahali usiposikia. Baada ya hapo kifaa kidogo kinaweza kuwekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio na milio ikarudiwa. Hicho kinamsaidia mpimaji kujua kama tatizo liko sehemu ya nje na ya kati, ambako dawa au upasuaji huweza kusaidia, au liko sikio la ndani, ambako mara nyingi kinachosaidia ni kifaa cha kusikia.

Wapo wanaodhani wakijifanya hawasikii kabisa watapata msaada mkubwa zaidi. Mpimaji hurudia milio na kulinganisha. Majibu ya kubuni hayalingani. Hata yakipita, hasara ni yako: kifaa kilichowekwa nguvu kupita hitaji la sikio kinaweza kuliharibu kweli.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hupimwa kwa mchezo. Anaambiwa atie kipande cha mti kwenye bakuli kila akisikia mlio. Mtoto mchanga hafanyi lolote: kijiti laini kinawekwa kwenye tundu la sikio, kinatoa sauti na kusikiliza mwitikio wa sikio lenyewe. Nenda naye akiwa ameshiba na ana usingizi, kwa sababu kilio hufunika kila kitu. Kipimo hiki cha wachanga hakipatikani katika vituo vingi vya makazi. Duniani lengo ni mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na huduma ianze kabla ya miezi sita. Kwetu mtoto hugunduliwa akifikisha miaka minne au mitano, anaposhindwa shuleni, na miaka ile ya kujifunza lugha imekwisha kupita. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote ninazozitaja hapa. Kwa hiyo mzazi awe macho: mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti, au wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, apelekwe. Asiambiwe kwamba "atasema tu, hata babake alichelewa".

Mambo mawili huharibu kipimo katika mazingira yetu. La kwanza ni kelele. Kupima chini ya mwembe karibu na foleni, au ndani ya jengo la mabati mvua ikinyesha, kunatoa majibu yasiyo na maana. Hata mwenye masikio mazuri ataandikiwa kasoro. Una haki ya kusema, "Hapa pana kelele, naomba tusubiri." La pili ni lugha. Milio haina lugha, lakini maelekezo yanayo. Mama anayezungumza Kibembe au Kifuliiru akielekezwa kwa Kiingereza au Kinyankole atanyosha mkono kwa kubahatisha. Na pale mpimaji anapotumia maneno ya kurudia badala ya milio, kipimo kinageuka kuwa mtihani wa lugha. Omba mkalimani kabla ya kuvaa vipokea sauti, kwa sababu ukishavivaa humsikii tena.

Siku hizi kuna vipimo vya simu, vingine vilivyobuniwa Afrika Kusini, ambavyo mhudumu wa afya wa jamii anaweza kuvitumia baada ya mafunzo mafupi. Navipenda, kwa sababu vinamfikia mtu nyumbani kwake. Lakini ni vya kuchuja tu. Aliyeshindwa anahitaji kupimwa tena kikamilifu. Aliyefaulu bado anaweza kuwa na ugonjwa wa sikio.

Omba nakala ya majibu

Majibu huandikwa kwa kipimo kiitwacho desibeli, kwenye chati ya mistari miwili, mmoja wa kila sikio. WHO huhesabu hivi kwa sikio lililo bora: chini ya 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 wa wastani, 50 hadi 64 wa wastani uliozidi, 65 hadi 79 mkubwa, 80 hadi 94 mkubwa sana, kuanzia 95 ni uziwi kamili. Mwenye upungufu mdogo husikia vizuri ndani ya nyumba na kupotea sokoni. Mwenye wa wastani hukosa maneno hata katika mazungumzo ya kawaida. Kuanzia hapo kifaa kinaweza kuwa na maana.

Karatasi hiyo usiiache hospitalini. Piga picha kwa simu, nakala itunzwe pamoja na karatasi ya familia. Mkimbizi huhama: kutoka Nyakabande kwenda Nakivale, kutoka Nakivale kwenda mjini, wengine kwenda nchi ya tatu. Chati ya leo humwonyesha mtaalamu wa miaka mitano ijayo kama hali imebadilika, na ndiyo inayogeuza "anasema hasikii" kuwa jambo lililothibitishwa. Ukishaipata, omba kumbukumbu zako za uandikishaji zirekebishwe. Kubadilisha jibu ulilotoa siku uliyofika ukiwa na vumbi na uchovu si udanganyifu.

Mnyororo unaokatika

Kifaa cha kusikia, ambacho wengine hukiita shimesikio, hakiponyi sikio. Kinakuza sauti, zote, pamoja na sufuria, kuku na kikohozi cha jirani. Wiki za mwanzo ni za kelele tupu na wengi hukivua wakakiweka kabatini. Inatakiwa kuanza kwa saa chache kwa siku, nyumbani, kisha kuongeza, na kurudi kwa mtaalamu arekebishe. Kile kinachoingia sikioni lazima kiumbwe kulingana na sikio lako. Kikilegea kitapiga filimbi, kikibana kitatoa kidonda. Mtoto anayekua huhitaji kipya mara kwa mara.

Halafu betri. Zile ndogo kama vifungo hudumu siku kadhaa hadi wiki mbili au tatu kutegemea kifaa, na huanza kuisha mara karatasi yake ya gundi inapobanduliwa, hata kama hukukitumia. Hazipatikani kwenye duka la zone. Mtoto mdogo akiimeza ni hatari ya kufa, si jambo la kungoja itoke. Jasho na unyevu huua vifaa polepole. Usiku kivuliwe, kifutwe, kiwekwe mahali pakavu.

Mashirika hupenda ile picha ya mtoto anayesikia sauti ya mama yake kwa mara ya kwanza, macho yakimtoka. Ni picha nzuri na inachangisha fedha. Picha ambayo haipigwi ni ya mtoto huyohuyo miezi minne baadaye, kifaa kikiwa kimezima, betri hakuna, na mradi umefungwa. Kwa maoni yangu kambi ya siku tatu ya kugawa vifaa, isiyo na mpango wa betri na wa kurudi kuvirekebisha, haifai kuitwa huduma. WHO inakadiria kwamba duniani kote ni asilimia 17 tu ya wanaoweza kufaidika na kifaa ndio wanaokitumia, na sehemu ya pengo hilo iko kwenye makabati ya watu waliokwisha kupewa. Kwa hiyo ukiitwa kupokea kifaa uliza palepale: betri nitapata wapi mwezi wa tatu? Kikiharibika nimpelekee nani? Nitarudi lini? Yule asiyeweza kujibu angalau ajue kwamba umeuliza.

Kuhusu rufaa, sheria iko upande wako. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na mpango wa serikali wa kuunganisha huduma za afya za wakimbizi na wenyeji vinakuruhusu kutumia vituo vya serikali kama raia. Kutoka kituo cha afya cha makazi unaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa yenye idara ya masikio, pua na koo, kama ile ya Mbarara kwa watu wa Nakivale. Lakini wataalamu ni wachache mno: ripoti ya WHO inasema asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini hazifikishi mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni. Rufaa ya sikio huwekwa nyuma ya rufaa ya uzazi na ya ajali, na nauli ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikipungua. Tarajia kusubiri. Omba tarehe iandikwe.

Wale ambao kifaa hakiwasaidii

Kwa kiziwi tangu utoto, jibu ni lugha, na lugha yake ni ya alama. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja lugha ya alama, jambo ambalo nchi chache sana duniani zilikuwa zimelifanya wakati huo, na chama cha kitaifa cha viziwi kipo tangu 1973. Kwa Mkongomani kiziwi hilo ni mlango ulio wazi nusu tu. Shule nyingi za viziwi Congo na Afrika ya Kifaransa zilitokana na kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, ambaye alifungua shule zaidi ya 30 barani kabla ya kufa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Alama alizofundisha zilitoka Marekani zikachanganyika na Kifaransa. Lugha ya Alama ya Uganda ni nyingine. Kijana aliyesoma shule ya viziwi Goma akifika Nakivale anakuwa mgeni mara mbili, na mkalimani aliyeletwa kutoka Kampala huenda asimwelewe vizuri siku ya mahojiano.

Na yule ambaye hakusoma kabisa, mwenye ishara za nyumbani tu zinazojulikana na dada yake, anahitaji watu wawili: mkalimani wa lugha ya alama, na kiziwi mwenzake mzoefu anayeweza kuzigeuza ishara hizo kuwa maana. Dada asitumiwe peke yake katika mahojiano ya siri. Kuna mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema kupitia ndugu, hasa kama ndugu huyo, au mtu wa karibu naye, ndiye tatizo.

Kisichohitaji mfadhili mkubwa

WHO ilikadiria kwamba kupanua huduma za masikio katika mifumo ya afya kungehitaji nyongeza ya chini ya dola 1.40 za Marekani kwa kila mtu kwa mwaka, na kwamba kila dolla moja ingerudisha karibu 16 katika miaka kumi. Hesabu kama hizo hazitazuia makato ya mwaka huu, na sitajifanya kwamba zitazuia. Lakini mengi ya yaliyotajwa hapa hayasubiri mfadhili. Kitambaa cha kukausha usaha na matone. Mtoto kuhamishwa dawati la mbele, mwalimu akiongea ametazama darasa badala ya ubao. Orodha ya majina ikibandikwa ukutani sambamba na megafoni. Afisa akinyanyua uso kutoka kwenye kompyuta anapouliza swali.

Na moja zaidi kwa wanaopanga huduma: njia ya malalamiko inayojulikana zaidi kwa wakimbizi nchini Uganda ni simu ya bure. Kiziwi aliyepitwa jina lake kwenye mgao anaambiwa apige simu. Mpaka hilo libadilike, andika kisa chako kwenye karatasi, weka namba ya familia na tarehe, mpelekee mkononi afisa wa ulinzi au kiongozi wa bloku mbele ya shahidi, na ubaki na nakala. Ndugu yako anaweza kupiga simu kwa niaba yako. Kaa karibu naye, ili wakiuliza kama umeridhia, uwepo.